Kupanga sala ya kila siku ya Majilio nyumbani: masomo, watakatifu na ile tarehe 17 Desemba

Juma lililopita nilikaa mezani kwa mdogo wangu tukaandaa sala ya Majilio (majuma ya kujiandaa kwa Krismasi) ya mwaka huu wa 2026 kwa ajili ya nyumba yake: yeye, mumewe, watoto watatu na bibi yao. Aliniomba nimwandikie hatua zote ili awagawie wenzake wa jumuiya. Ndizo hizi.

Hatua ya 1: Vifaa

Kalenda ya liturujia ya jimbo au Misale ya Waumini (kitabu cha masomo na sala za Misa), daftari la shule, mishumaa minne. Ukikosa ya zambarau na ya waridi, nunua mieupe ya dukani uifunge utepe wa rangi hizo. Majani yoyote mabichi yanafaa kwa shada la kuizunguka mishumaa. Sisi tulikata mvinje.

Biblia iwe ya Kikatoliki, yenye vitabu vyote 73. Jumamosi ya juma la pili somo la kwanza ni Yoshua bin Sira 48, habari za nabii Eliya, na katika Biblia nyingi za majumbani kitabu hicho hakimo. Na iwe ya karatasi. Simu ikishaingia mezani, ujumbe wa kwanza ukilia mtoto ameshatoka katika sala.

Hatua ya 2: Jedwali la masomo

Hapa usiharakishe. Mwaka mmoja niliandaa karatasi ya masomo kwa jumuiya yetu nikifuata majuma moja kwa moja, la kwanza hadi la nne. Katikati ya Desemba masomo yetu yakawa hayafanani na yanayosomwa parokiani. Nilitumia jioni nzima nikidhani Misale ina makosa, kumbe sikujua kwamba Majilio yana sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza huenda kwa majuma, hadi tarehe 16 Desemba. Tunamsoma zaidi Isaya, na kuanzia Alhamisi ya juma la pili Injili zinamleta Yohane Mbatizaji. Sehemu ya pili huanza tarehe 17, na kuanzia hapo masomo huenda kwa tarehe. Ukifika 17 unaliacha juma la tatu palipofikia, hata kama ni katikati. Mwaka huu tarehe hiyo ni Alhamisi, kwa hiyo masomo ya Alhamisi na Ijumaa ya juma la tatu hayasomwi kabisa. Usiyatafutie nafasi.

Chora mistari ya tarehe kuanzia 29 Novemba hadi 24 Desemba, kisha jaza kwa mpangilio huu:

Kwanza Dominika (Jumapili) zote nne: 29 Novemba, 6, 13 na 20 Desemba. Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na sasa tunaingia Mwaka B, wa Injili ya Marko. Kuujua mwaka, chukua namba ya mwaka unaofuata Krismasi uigawe kwa 3: isipobaki kitu ni C, ikibaki 1 ni A, ikibaki 2 ni B. 2027 inabakiza 2. Siku za juma hazihitaji hesabu hiyo. Masomo yake katika Majilio karibu yote ni yaleyale kila mwaka.

Pili, siku zinazosukuma masomo ya kawaida. Jumatatu 30 Novemba ni sikukuu ya Mtume Andrea, ina masomo yake. Jumanne 8 Desemba ni sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Waeleze watoto mapema kwamba siku hiyo tunashangilia Maria kutungwa mimba tumboni mwa mama yake bila doa la dhambi, fundisho lililotangazwa rasmi na Papa Pius IX mwaka 1854. Injili inayosomwa ni ya Gabrieli kumpasha Maria habari, ndiyo maana hata watu wazima hudhani inahusu kutungwa kwake Yesu.

Tatu, zilizobaki. Kumbukumbu ya mtakatifu kwa kawaida haibadilishi masomo ya siku.

Tarehe 20 itakuchanganya: ni ya sehemu ya pili, lakini pia ni Dominika. Dominika inashinda. Mwaka huu Injili ni ileile, Luka 1:26-38. Kinachobadilika ni somo la kwanza, linakuwa 2 Samweli 7 badala ya Isaya 7.

Hatua ya 3: Watakatifu

Chagua wachache. Mimi huanza na 1 Desemba, Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, mtawa wa Kongo aliyeuawa Isiro mwaka 1964 akilinda nadhiri yake, akatangazwa mwenyeheri Kinshasa mwaka 1985. Tarehe 3 ni Fransisko Ksaveri. Waambie watoto kwamba alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, uone macho yao. Kisha Nikolao tarehe 6 na Lusia tarehe 13, ingawa mwaka huu wote wawili wanaangukia Dominika, kwa hiyo wataje katika maombi tu. Sentensi tatu kwa kila mmoja zinatosha. Kuanzia 17 naacha, siku zile ni za Bwana anayekuja.

Hatua ya 4: Sala yenyewe

Mshumaa, Injili, kimya dakika mbili, nia za kila mmoja, Baba Yetu, Malaika wa Bwana. Robo saa, kabla ya chakula cha usiku.

Hatua ya 5: Tarehe 17 hadi 23

Ongeza Wimbo wa Maria (Luka 1:46-55), na kabla yake antifona ya siku, yaani mstari mfupi wa kumwita Masiha: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Mpe kila mtu siku yake. Bibi yao amechagua Ufunguo wa Daudi, ndiyo tarehe 20.

Tarehe 24 salini asubuhi, Luka 1:67-79. Jioni Majilio yameshakwisha, na Mtoto awekwe pangoni mkirudi kutoka Misa ya usiku.