PHP: Kutibu kosa la "headers already sent" kwenye chanzo chake

Fomu imekubali nenosiri, lakini badala ya mtumiaji kupelekwa kwenye dashibodi, kivinjari kinatoa hii:

`Warning: Cannot modify header information - headers already sent by (output started at /var/www/html/config.php:14) in /var/www/html/login.php on line 22`

Wengi hukimbilia login.php, mstari wa 22, na kuanza kuuvuruga bure. Soma ndani ya mabano: tatizo liko config.php, mstari wa 14. Mstari wa 22 umeathirika tu.

Jibu la HTTP, yaani kile seva inachomrudishia kivinjari, hutoka kwa mpangilio: heda (maelekezo kwa kivinjari) kwanza, mwili (ukurasa wenyewe) baadaye. Herufi moja ya mwili ikishatoka, hata nafasi tupu, heda zimeshatumwa. Kuanzia hapo header(), setcookie() na session_start() zote zinagonga mwamba.

Hatua ya 1. Fungua faili na mstari uliotajwa kwenye mabano. Ukikuta echo, var_dump au HTML, ishushe chini ya header(). Kazi ya kukagua fomu na kuhamisha ukurasa imalizike kabla ya `<html>`.

Hatua ya 2. Mstari uko mwishoni mwa faili? Tazama baada ya `?>`. PHP humeza mstari mpya mmoja tu unaoigusa alama hiyo; nafasi au mstari wa pili unakwenda kwa kivinjari. Faili likiwa na PHP tupu, futa `?>` kabisa. Kanuni za uandishi wa PHP ziitwazo PSR-12 zinataka hivyo hivyo.

Hatua ya 3. Umeambiwa mstari wa 1 na huoni kitu? Kama hakuna nafasi kabla ya `<?php`, shuku BOM: baiti tatu ambazo kihariri hakikuonyeshi. Kagua hivi:

`head -c 3 config.php | xxd`

Ukiona `efbb bf`, hifadhi upya faili kama UTF-8 isiyo na BOM.

Hatua ya 4. Kuna onyo jingine juu yake, mathalani `Undefined array key "jina"`? Onyo hilo lenyewe ndilo lililotoka mapema. Litibu kwanza:

`$jina = $_POST['jina'] ?? '';`

Hatua ya 5. Usiache exit:

```
if (!isset($_SESSION['mtumiaji_id'])) {
    header('Location: login.php');
    exit;
}
```

Hili lisipuuzwe hata kidogo. header() haisimamishi programu. Bila exit, msimbo wa chini unaendelea, na ukurasa wa siri unatumwa mzima mzima pamoja na amri ya kuhama. Kivinjari kitahama, lakini anayetumia curl (programu ya kuvuta kurasa bila kivinjari) atausoma wote. Kama chini yake kuna amri ya kufuta rekodi, itafutwa na mtu ambaye hata hajaingia.

Maswali ya wanachama

Swali: Wakuu, kwenye kompyuta yangu inakwenda safi, nikipandisha kwenye seva inagoma. Shida nini?

Jibu: Mkuu, linganisha `output_buffering` kwa phpinfo() pande zote mbili. Mafaili ya mfano ya php.ini (faili la mipangilio ya PHP) yanayokuja na PHP huiweka 4096, pasipo php.ini huwa imezimwa. Ikiwa 4096, mwili husubiri hadi ufike baiti hizo, kwa hiyo heda iliyochelewa bado inapita. Izime kwako ili makosa yajitokeze mapema.

Swali: Si niweke tu ob_start(), ile inayozuia mwili usitoke mapema, juu kabisa yaishe?

Jibu: Onyo litapotea, uchafu utabaki. Siku utakapotoa picha au PDF kwa PHP, nafasi zile zitaingia ndani ya faili na huenda lisifunguke. Tena BOM ya faili hilo hilo hutangulia `<?php`, kwa hiyo ob_start() inaikuta imeshatoka.

Swali: Mimi sipati hata onyo, ukurasa mweupe tu. Nimeweka `ini_set('display_errors', 1)` na bado.

Jibu: Kuna uwezekano mkubwa ni kosa la sintaksia. Faili likishindwa kusomwa, hakuna mstari wake unaotekelezwa, ini_set ikiwemo. Endesha `php -l login.php`, itakutajia mstari. Wakati mwingine kosa liko mstari wa juu yake, nukta mkato imesahaulika. Likisomeka bila kosa, fungua logi ya seva. Kwenye seva ya watumiaji, acha display_errors imezimwa na log_errors imewashwa, maana makosa yakionyeshwa hadharani huanika njia za mafaili yako.