Filamu za diski: namna ya kununua kasha na nyongeza bila kujuta

Filamu moja huweza kuwa na matoleo kadhaa sokoni, na jalada la mbele halikuambii kilichomo. Anza na upande wa nyuma. Hapo ndipo huorodheshwa nyongeza: maoni ya mwongozaji yanayosikika filamu ikiendelea, vipande vilivyokatwa, mahojiano, jinsi filamu ilivyotengenezwa. Muuzaji wa mtandaoni akiweka picha ya mbele tu, mwombe ya nyuma kabla ya kulipa.

Toleo jipya si lazima liwe na kila kilichokuwa kwenye la zamani. Nyongeza zina haki zake, na kampuni mpya ikichukua filamu huenda isipewe zile za mwanzo. Kwa hiyo usiuze DVD yako kuukuu hadi ulinganishe orodha zote mbili, kipengele kwa kipengele. Maoni ya mwongozaji ndiyo hupotea kimyakimya.

Mtego mkubwa uko kwenye seti za 4K, yaani diski zenye picha kali kuliko zote. Diski ya 4K haina kufuli la eneo, yaani kizuizi kinachoifanya icheze tu kwenye deki za sehemu fulani ya dunia, hivyo wengi hununua kutoka nchi yoyote bila wasiwasi. Lakini nyongeza mara nyingi ziko kwenye Blu-ray ya kawaida (diski yenye picha bora kuliko DVD) iliyomo kwenye seti hiyohiyo, na hiyo huweza kufungwa. Tafuta alama yenye pembe sita nyuma ya kasha: A ni Amerika, Japani na Korea, B ni Ulaya, Afrika na Australia, C ni pamoja na China, India na Urusi. Zikiwepo zote tatu, uko salama. DVD hutumia namba 1 hadi 6, na ukiona 0 au ALL inacheza popote. Hata hivyo angalia pia kama ni PAL au NTSC, mifumo miwili ya picha za runinga, maana deki au runinga isiyokubali mfumo huo itakupa picha inayoruka au isiwe na picha kabisa.

Sasa kasha. La chuma hubonyea kwenye kona na mgongoni, hasa likitumwa ndani ya bahasha laini. Sisitiza boksi gumu lenye kijazio. Likifika, ligeuze polepole chini ya taa iliyo pembeni: mbonyeo usioonekana kwa mbele hujitokeza kama kivuli. Kava la karatasi linalovikwa juu ya kasha kwa kawaida huja na chapa ya kwanza tu, kwa hiyo uliza kwa maneno kama limo. Makasha ya kadibodi yanayokunjuka ni mazuri kwa macho, ila meno yanayoshika diski huvunjika kirahisi. Tikisa kidogo kabla ya kufungua. Ukisikia mchakacho, diski imetoka mahali pake na huenda imeshakwaruzika. Mifuko ya kadibodi inayobana ni mibaya kuliko yote, kwani kila ukichomoa diski unaisugua. Hamishia diski kwenye mifuko laini, kisha hifadhi kasha kama lilivyo.

Ukinunua iliyotumika, tazama upande wa chini wa diski. DVD halisi ni ya fedha au dhahabu hafifu. Ya zambarau ni nakala iliyorekodiwa kwenye kompyuta. Kagua pia duara la katikati, kwa sababu DVD ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogundishwa, na mtu anayeivuta kwa nguvu huacha ufa hapo. Ufa huo hautengenezeki. Mkwaruzo mwepesi wa DVD huweza kusuguliwa kwa mashine, lakini kwenye Blu-ray usijaribu: data iko milimita 0.1 tu ndani ya uso wa chini unaosomwa na deki.

Stika ya bei usiibandue kavu. Ipashe joto kwa kikausha nywele kwa sekunde chache gundi ilainike, kisha ivute taratibu ikiwa imelala karibu na karatasi. Kwa vifuniko vya kinga, chagua plastiki ya PET, si PVC inayoweza kung'ang'ania wino, na upime kwanza: kasha la DVD lina urefu wa takriban milimita 190, la Blu-ray ni kama 170.