Kigumba cha greini 100 au 125?

Wadau wa Liwale na Kilwa mnaotoka na wageni wenye vibali vya kuwinda kwa upinde, uzito wa kigumba, yaani ile ncha yenye wembe mbele ya mshale, msiuchukulie poa. Vingi vinavyouzwa ni greini 100 na 125, yaani kama gramu 6.5 na 8.1, mkononi huoni tofauti ila ukiongeza uzito mbele ufito wa mshale unajipinda zaidi pale unapoachiwa, na ukijipinda kupita kiasi mshale unakwenda pembeni unaishia kujeruhi mnyama bure, inauma sana. Kwa hiyo ukipandisha kigumba angalia na ugumu wa ufito. Kwa swala pala au ngiri 100 inatosha kabisa, nyati huyo anataka mshale mzito mzima mzima, 125 kwenda juu. Alafu vipimeni kimoja kimoja, kamzani kadogo kama ka wanunuzi wa dhahabu kule Ruangwa kanatosha, maana vya pakti moja unakuta vimepishana. Mazoezi pigeni na ncha isiyo na wembe ya uzito uleule, ila kabla ya kuingia porini mgeni arushe na kigumba chenyewe, zile wembe zinashika upepo.