SOMO: Uji wenye nguvu kwa wagonjwa 20 wodini

Katika hospitali nyingi za serikali hapa Uganda, mgonjwa hulishwa na ndugu aliyekuja kumuuguza, na nje ya wodi utaona masigiri (majiko ya makaa) yao yamepangwa. Asiye na ndugu hungoja wasamaria. Kikundi chenu kikitaka kazi hiyo, anzeni na uji. Wali na nyama vitakuja baadaye. Mwenye saratani na vidonda mdomoni, au mwenye kifua kikuu aliyepoteza hamu, humaliza kikombe kimoja akachoka. Basi kikombe hicho kibebe mzigo. Uji mwepesi wenye gramu 25 za unga una kalori kama 90. Huu wa leo unapita 350 kwa kikombe kilekile cha mililita 250.

Kabla ya kuwasha jiko. Nendeni kwa nesi mkuu wa wodi. Ombeni ruhusa, kisha namba za vitanda: nani ana kisukari, nani figo, nani hamezi vizuri, nani hatakiwi kula kwa sababu ya upasuaji. Ulizeni tena siku yenyewe ya kugawa, maana wagonjwa wa vitandani hubadilika kwa usiku mmoja.

Mahitaji. Unga gramu 900 (mahindi na ulezi, nusu kwa nusu), unga wa kimea (ulezi uliochipua, tazama hatua ya 1) gramu 50, karanga za kusaga gramu 250, maziwa ya unga yasiyotolewa mafuta gramu 250, mafuta ya kupikia mililita 100, sukari gramu 150, maji lita 4. Karanga zichagueni wenyewe, mtupe zilizosinyaa na zenye ukungu, ndipo mzipeleke kusagwa. Zilizosagwa tayari sokoni huwezi kujua zilikuwaje, na sumukuvu (sumu ya ukungu) haiondoki yote kwa kukaanga.

1. Kimea. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi uchipue. Anika ukauke kabisa, saga. Wanaopika bushera (kinywaji cha nafaka iliyochipua) wanaijua kazi hii, na baadhi ya masoko huuza ulezi uliokwisha kuchipua. Wenye ukungu usinunue.

2. Uji mzito. Koroga unga kwa lita 1.5 ya maji baridi, mimina kwenye lita 2.5 zinazochemka. Pika dakika 20 bila kuacha mwiko. Utakuwa mzito karibu na posho (ugali) laini. Usiogope, na usiongeze maji.

3. Kulegeza. Hapa ndipo wengi hukosea. Epua, weka sufuria ndani ya beseni la maji, koroga hadi kipimajoto kisome nyuzi 55 hadi 65. Changanya kimea na maji baridi kidogo, tia, koroga. Ndani ya dakika kumi mwiko unaanza kwenda wenyewe: kimeng'enya asilia cha kimea kinaukata wanga, na uji unanyweka huku unga wote umo ndani. Ukitia uji ungali unatokota, kimeng'enya hicho kinaharibika na hakuna kinachobadilika. Mpishi akishtuka anaongeza maji, na hapo mmerudi kwenye uji wa kalori 90.

4. Kuchemsha tena. Rudisha motoni uchemke dakika 5 kamili. Kimea hubeba vijidudu, kwa hiyo hatua hii hairukwi. Karanga zilegeze kwanza kwa uji kidogo kwenye bakuli, la sivyo zitashika chini. Maziwa nayo yakorogwe pembeni yasifanye mabonge. Mafuta, kisha sukari mwisho.

5. Safari. Suuza hotipoti kwa maji yanayochemka, mimina, funga. Uji ufike ungali juu ya nyuzi 60 na ugawiwe ndani ya saa mbili. Unaobaki haulazwi.

6. Kuhesabu. Baada ya nusu saa pitia vikombe, uandike kwa namba ya kitanda: chote, nusu, robo, hakikuguswa. Ripoti ya "tumegawa vikombe 20" haisemi nani amekula.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, wangu umebaki mzito na kipimajoto kilisoma 60. Shida nini?* (Mbale)
Kimea, dada. Huenda kilikaushwa kwenye kikaango, moto ukakiua, au ulezi haukuchipua vya kutosha. Jaribu kila mfuko mpya kwa kikombe kimoja kabla ya kuhatarisha sufuria nzima.

*Tunaweza kutia unga wa mukene (dagaa)?* (Entebbe)
Mnaweza, protini yake ni nzuri, lakini harufu humfukuza mgonjwa aliye kwenye dawa za saratani. Sisi tungeupeleka kwenye mchuzi wa karanga.

*Wa kisukari na wa figo wanywe huuhuu bila sukari?* (Gulu)
Hapana, ndugu. Wanga uliokatwa na kimea hupandisha sukari haraka hata bila kijiko cha sukari. Na karanga na maziwa vina potasiamu na fosforasi nyingi kwa figo mbovu. Chakula chao mpangiwe na nesi au mtaalamu wa lishe.

*Mwenye vidonda mdomoni?* (Jinja)
Uvuguvugu au uliopoa, kwa mrija. Ndimu na pilipili zisikaribie.

*Tumemkuta mzee hajala karibu wiki. Tumpe vikombe viwili?* (Masaka)
Msimpe hata kimoja kabla ya kumwita nesi. Mwili uliokaa na njaa ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya damu kama fosforasi na potasiamu huporomoka, na moyo unaweza kusimama. Huanzishwa kwa kiasi kidogo, akiangaliwa, na mara nyingi hupewa vitamini B1 kwanza. Kikombe chake mwachieni nesi, mumweleze kilichomo.