Jinsi ya kuona wimbi linavyopambana na barafu ya bahari, ukiwa Mtwara

Barafu ya bahari huku kwetu hatuioni ng'o, ila kanuni zake unaweza kuziona ufukweni Shangani au Mikindani.

Chimba mfereji mchangani, mita 3 hivi, kina cha maji kama sentimita 15, tandika turubai halafu jaza. Fanya asubuhi, jua la Mtwara halina huruma na barafu. Nunua barafu kwa wanaouza kwa wavuvi, iponde, mwaga kwenye nusu moja ya mfereji mpaka uso wa maji uzibe.

Sasa chukua ubao, simama upande ule wenye maji matupu, chezesha harakaharaka, mara 4 kwa sekunde. Viwimbi vifupi vinafika kwenye barafu vinakufa palepale, vingine vinarudishwa nyuma, vingine nguvu inaishia kwenye vipande kusuguana. Halafu sukuma na kuvuta polepole, kama sekunde moja na nusu kila mzunguko. Hapo ndo utashangaa, barafu yote inapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, wimbi linapita tu mpaka mwisho. Kizibo ukikiweka hapo kitazunguka karibu palepale, maana linalosafiri ni wimbi, maji yenyewe yanabaki.

Antaktika ni hivyohivyo. Wimbi la sekunde 4 kila mzunguko lina urefu wa kama mita 25 toka kilele hadi kilele, linakata pumzi mapema. La sekunde 10 linafika mita 156 hivi kwenye kina kirefu, na mawimbi marefu ya namna hiyo yanaweza kuingia ndani ya barafu mamia ya kilomita.

Na hayapiti bure. Toa barafu iliyopondwa, weka kipande kikubwa cha nailoni nzito, rudia polepole: nailoni inajikunja ikifuata wimbi. Barafu haina ulaini huo, ikikunjwa kupita uwezo wake inapasuka. Ila bahari ikiwa ndo inaanza kuganda, kwenye nyuzi kama -1.8, inakuwa uji kwanza, mawimbi yanaukoroga, madonge yanagongana mpaka yanakuwa chapati za duara zenye kingo zilizoinuka (chapati za mpishi mbaya, mimi naziitaga hivyo).

Ukimaliza fukia shimo, watoto wasije kutumbukia, na turubai la watu lisuuze chumvi kabla hujalirudisha.