Meli imevunjika, shehena ni ya nani? Namna ya kuichambua kesi ya zama za kati

Nafundisha historia ya bahari, na swali ninaloletewa sana na wanafunzi ni hili: mtu kakuta kesi ya meli iliyopanda mwamba miaka ya 1100 au 1300 huko, watu wanne wanadai mapipa yaleyale, na yeye hajui aanzie wapi. Basi naandika hapa jinsi ninavyozisoma mimi. Mifano mingi ni ya Uingereza kwa sababu makaratasi yao yamebaki mengi, na muhtasari wa Patent Rolls (yale mabunda ya barua za mfalme) umeshachapishwa zamani, unausoma mtandaoni bure.

Hatua ya 1: Angalia kwanza nani kaandika

Kabla hujaamini chochote, jiulize aliyeshika kalamu alikuwa anataka nini. Mfano ninaoupenda ni wa Dengemarsh, pwani ya Kent. Haki ya mali za meli zinazovunjika pale ilikuwa ya abasia ya Battle, yaani nyumba ya watawa. Enzi za mfalme Stephen (1135 hadi 1154) chombo cha watu wa Romney, ardhi ya askofu mkuu wa Canterbury, kikavunjika hapohapo Dengemarsh, waliokuwemo wakaponea chupuchupu, na watu wa abasia wakaja wakabeba kila kitu. Askofu mkuu Theobald akaenda kulalamika kwa mfalme. Kesi hii tunaijua vizuri kwa sababu imo kwenye kitabu cha historia cha abasia yenyewe, kaiandika mtawa wa Battle, kwa hiyo usishangae ukikuta abati wao (mkuu wa watawa) Walter de Luci ndo anaongea maneno yote matamu na upande wa pili hausikiki sana.

Hatua ya 2: Tafuta kama kuna aliyetoka hai

Hapa ndo roho ya kesi ilipo, na wanafunzi wengi wanaipita mbio wakikimbilia hesabu ya dhahabu. Kwa desturi ya zamani ya pwani ile, manusura wasipoitengeneza meli yao ndani ya muda uliowekwa, meli na vilivyotupwa ufukweni vinakuwa vya bwana wa ufukwe. Mfalme Henry I, aliyemtangulia Stephen, akaichukia desturi hiyo akaamuru nchi nzima kwamba akitoka hata mtu mmoja hai, mali yote ni yake. Alipokufa, wakubwa wakairudia ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Sasa mbele ya Stephen, Theobald anashikilia amri ya Henry, na abati anajibu kwa ujanja kweli: mfalme anaweza kubadilisha haki za zamani za nchi kwa muda wa uhai wake, ila kuzifunga kwa wanaokuja baada yake bila mabaroni (mabwana wakubwa wa ardhi) kukubali, hapana. Mabaroni waliokaa pale wengi nao wana fukwe zao, unategemea wangesema nini? Abasia ikabaki na mali.

Kwa hiyo tarehe ya kesi ni muhimu sana, maana sheria ilikuwa inasogea. Mwaka 1236 Henry III aliweka kwamba akitoka mtu hai mali ni ya wenyewe, na kama hakuna mtu ila mnyama katoka hai, mali itunzwe miezi mitatu ikimsubiri mwenyewe. Mwaka 1275 sheria ya kwanza ya Westminster ikasema akitoka hai mtu, mbwa au paka, hiyo mali haihesabiki kuwa ya mfalme, iwekwe mwaka mmoja na siku moja, mwenyewe akija akathibitisha arudishiwe. Ndio, paka kaandikwa kabisa! Na lile suala la mnyama lilidumu mpaka mwaka 1771 ndipo jaji Lord Mansfield akasema kama mwenyewe anajulikana hakuna haja ya kutafuta paka aliyepona. Ukiwa unasoma malalamiko ya wafanyabiashara wa baada ya 1275 utaona karibu kila mmoja anaanza kwa kusema mabaharia walitoka salama. Anakwambia mapema kwamba hii siyo mali ya kuokotwa, usiichukulie kama habari njema tu ya watu kupona.

Hatua ya 3: Jua ufukwe ni wa nani

Kwa kawaida mali isiyo na mwenyewe inaenda kwa mfalme, ila mabwana na abasia nyingi walikuwa na haki hiyo kwa hati, au walidai wanayo tangu enzi za mababu. Edward I alipopeleka mahakimu wake kuanzia 1278 kuwauliza mabwana haki fulani wanayo kwa hati gani, hii ya meli zilizovunjika ilikuwemo. Chukua ramani, tafuta kijiji, tafuta bwana wake, halafu linganisha majina yake na ya walioshtakiwa kubeba. Mara nyingi yanagongana.

Hatua ya 4: Uthibitisho

Mfanyabiashara alithibitishaje? Alama. Kila mmoja alikuwa na chapa yake kwenye pipa au robota, na sheria ya mwaka 1353 (ile ya Staple, yaani masoko maalum yaliyotengwa na mfalme) ikaruhusu mtu athibitishe kwa alama zake, kwa hati au risiti ya ushuru yenye muhuri, au kwa wafanyabiashara waaminifu kumshuhudia, arudishiwe bila kuzungushwa kwenye kesi ndefu. Ukisoma kwamba alama zimefutwa au mapipa yamevunjwa, ujue mtu kaondoa ushahidi.

Hatua ya 5: Ujira wa waliookoa

Msiwaone watu wa pwani wezi wote, kuna kazi ya hatari hapa na sheria zililijua hilo. Sheria ya bahari ya Wabizanti iliyopewa jina la Rhodes ilipanga vizuri: ukitoa mali kina cha pima 8 unapata theluthi, pima 15 unapata nusu, na kilichoko kwenye maji ya dhiraa moja tu unapata moja ya kumi. Hiyo sheria ya 1353 iliacha kiwango kwa sherifu (ofisa wa mfalme wa wilaya) au msimamizi pamoja na wazee wanne au sita wenye busara wa eneo.

Hatua ya 6: Usidhani sheria ya bandari moja ni ya jirani

Ibn Battuta, huyuhuyu aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, miaka kadhaa baadaye alikuwa Calicut, bandari ya pwani ya Malabar magharibi mwa India, meli ya zawadi za sultani wa Delhi ilipovunjwa na dhoruba, akaona askari wa mtawala wanawachapa watu wasichukue vilivyotupwa ufukweni. Anaeleza kwamba Malabar yote mali kama hiyo inaingia hazina, Calicut peke yake inabaki kwa wenyewe, na ndo maana mji ulistawi. Upande wa pili wa India, Motupalli, mfalme Ganapati alichonga kwenye jiwe katikati ya miaka ya 1240 kwamba wafalme wa kabla yake walinyang'anya shehena zote za meli zilizovunjika, yeye anachukua ushuru tu. Hiyo ni matangazo ya biashara, na mimi naona yalifanya kazi kuliko mtaguso wa Laterani (mkutano mkuu wa maaskofu huko Roma) wa 1179 uliowatenga na kanisa wanaowaibia Wakristo waliovunjikiwa chombo.

Hatua ya 7: Fuata mali mpaka ilipoishia

Hukumu siyo mwisho. Mwaka 1313 meli ya mvinyo ya Bayonne ilivunjika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, ikiwa na mapipa 174, na bwana mmoja wa hapo, Walter de Godeton, akakutwa na hatia ya mapipa 53. Yaani mengine yote yalitawanyika kwa watu wengine, kwa hiyo usisome jina moja ukafunga faili. Kisa kwamba kanisa lilimlazimisha kujenga mnara wa taa kama adhabu kinasimuliwa sana, weka pembeni mpaka uone karatasi. Na mdai akiwa mgeni na hajalipwa, hamia kwenye nyaraka za mfalme wa kwao, utafute kibali cha kukamata mali za Waingereza mpaka deni lifikie.