Neno la N likisomwa darasani: mzazi wa Afrika Mashariki afanye nini

Siku ile mwanangu alirudi kutoka shule, huku Marekani tunakoishi, akaingia chumbani bila kula. Usiku ndipo aliponieleza. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa akiwasomea riwaya kwa sauti, na kila alipolifikia lile tusi la Kiingereza linaloanza na N, la kumdharau mtu mweusi, alilitamka kama lilivyoandikwa. Kila alipolitamka, vichwa viligeuka kumtazama yeye, maana mweusi darasani alikuwa yeye peke yake. Nikampa jibu ninalolijutia hadi leo: "Hilo ni la Wamarekani weusi, baba. Babu zetu hawakuletwa huku kwa meli." Akanyamaza, na kwa wiki mbili hakuniambia tena lolote la shule.

Nimewasikia wazazi wengi wa kwetu wakitoa jibu hilohilo, na ndiyo maana naandika. Waliogeuza vichwa hawakuwa wakiuliza kama ukoo wake umetoka Tanga au Kisumu. Waliona ngozi. Ukimwambia mtoto kwamba tusi halimhusu, unamwacha alibebe peke yake.

Kwa hiyo tuanze na sisi wenyewe. Neno hilo chimbuko lake ni la Kilatini, likapitia Kihispania na Kireno, na maana yake ya kwanza ni rangi nyeusi tu. Lakini Marekani liliandamana na mnada, na mjeledi, na makundi yaliyowanyonga weusi bila hukumu. Sisi lilitufikia kwa kaseti na filamu. Ndiyo maana vijana wetu wengi hutua huku wakilitumia kama salamu. Mwambie kijana wako aliache kabisa, hata lile la kwenye nyimbo linaloishia na herufi A. Wamarekani weusi wenyewe hawajakubaliana kama walitumie baina yao, na mazungumzo hayo ni ya nyumba yao.

Ukitaka kumweleza mtoto kwa lugha ya kwetu, tumia neno "mshenzi". Leo ni tusi la mtu asiye na adabu. Enzi za biashara ya utumwa, watu wa pwani waliojiita waungwana waliwaita hivyo watu wa bara, na mtu aliyekwisha kuitwa mshenzi haikuwa vigumu kumfikisha sokoni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa ukaondolewa kisheria visiwani mwaka 1897, na neno bado tunalo mdomoni. Mwanangu aliniuliza, "Kwa hiyo na sisi tulikuwa na la kwetu?" Nikamwambia ndiyo, tulikuwa nalo. Mazungumzo yetu ya kweli yalianzia hapo.

Soma kitabu kabla hujaenda shule

Hili wazazi hulikwepa kwa sababu ya kazi za zamu, nami naelewa, lakini usiende kulalamikia kitabu usichokijua. Chetu kilikuwa Adventures of Huckleberry Finn cha Mark Twain, kilichotoka Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885. Tusi lile limo zaidi ya mara 200. Mvulana wa kizungu anayemkimbia baba mlevi anasafiri kwa chelezo kwenye mto Mississippi pamoja na Jim, mtumwa aliyetoroka. Anayesimulia ni mvulana mwenyewe, kwa lugha aliyofunzwa na watu wake.

Kuna mahali Jim anasimulia jinsi alivyomchapa binti yake mdogo kwa kutotii alipoambiwa afunge mlango. Upepo ukaubamiza mlango nyuma ya mtoto, naye hakushtuka hata kidogo, ndipo baba akatambua kwamba homa aliyokuwa amepona ilimwacha kiziwi. Jim analia usiku kwenye chelezo akikumbuka kofi lile. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Mahali pengine mvulana anadanganya kwamba mtambo wa meli umelipuka. Mama mmoja anamuuliza kama kuna aliyeumia. Hakuna, anajibu, amekufa mweusi mmoja, na anamtaja kwa neno lilelile. Mama anasema ni bahati, maana wakati mwingine watu huumia.

Ukishasoma hapo utaona kwa nini mimi siombi kitabu kiondolewe. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa Alabama alitoa toleo ambamo tusi limebadilishwa kuwa "mtumwa". Nia naiheshimu, lakini baba mlevi wa kitabuni analitumia tusi hilo kumwita mweusi huru kutoka Ohio, profesa wa chuo mwenye kujua lugha nyingi. Huyo hakuwa mtumwa wa mtu. Neno hilo lilimvua utu mtu mweusi awe amefungwa au awe huru, na hicho ndicho mtoto anachopaswa kukielewa darasani. Asichopaswa ni kukaa kama kielelezo cha somo wakati mwalimu analirudia tusi mara ya hamsini.

Mwandikie mwalimu

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo omba orodha ya vitabu vitakavyosomwa. Ukiona chenye neno hilo, andika barua pepe fupi ya heshima kabla hakijaanza. Usipige simu tu, kwa sababu simu haiachi kumbukumbu. Uliza neno litashughulikiwaje wakati wa kusoma kwa sauti, kisha sema unachotaka: lisitamkwe na mtu yeyote, mwalimu wala mwanafunzi. Linaweza kurukwa, au kuitwa "neno la N", na kila mmoja akalisoma kimyakimya kwenye ukurasa wake. Omba historia ya neno ifundishwe kabla ya sura ya kwanza. Omba pia mwanao asipangiwe kusoma maneno ya Jim, wala asiulizwe "watu weusi wanajisikiaje".

Ukipewa pendekezo la kitabu mbadala, muulize mwanao kwanza. Mara nyingi mbadala maana yake ni mtoto kukaa maktaba peke yake wakati wenzake wanajadili, na mtoto huona aliyeadhibiwa ni yeye.

Familia za Kikongo huenda zikakutana na Heart of Darkness cha mwandishi Joseph Conrad, chenye tusi lilelile, hadithi ya mto wao wenyewe. Ombeni kisomwe pamoja na mhadhara alioutoa Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, mwaka 1975 kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, alikomwita Conrad mbaguzi waziwazi. Mwalimu mzuri atafurahi.

Kama Kiingereza kinakutatiza, shule za umma za Marekani zina wajibu wa kukupatia mkalimani bila malipo, na wa Kiswahili wanapatikana, hata kama ni kwa simu. Mtoto asiwe mkalimani kwenye shauri lake mwenyewe. Nimeshuhudia binti wa rafiki yangu akitafsiri tusi alilotukanwa yeye, mbele ya mkuu wa shule, huku mama yake akisubiri aelezwe. Sitaki kuona hivyo tena.

Wanafunzi wakianza kulitumia

Kitabu kikishaingia, kuna wanaoanza kulirusha neno korido na kwenye basi wakisingizia somo. Hapa sheria ina nguvu zaidi. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kesi ya mama mmoja wa Arizona, ambaye binti yake alikuwa amepangiwa kitabu hikihiki cha Twain. Majaji walikataa kukiondoa kitabu. Lakini walisema kwamba shule ikijua wanafunzi wananyanyaswa kwa rangi yao na isichukue hatua, inaweza kuwa imevunja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Uingereza mstari umepita karibu palepale: Sheria ya Usawa ya 2010 haigusi vitabu vilivyomo kwenye mtaala, ila inagusa namna vinavyofundishwa.

Basi andika kila tukio siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, aliyesema, waliosikia. Mpelekee mkuu wa shule kwa maandishi, kisha ofisi ya wilaya ya shule ukiona kimya. Malalamiko kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ya Marekani hupelekwa ndani ya siku 180 tangu tukio. Ofisi hiyo ilipunguziwa watumishi wengi mwaka 2025, kwa hiyo usitarajie majibu ya haraka.

Mwalimu wa mwanangu alijibu barua yangu baada ya siku tatu. Aliandika kwamba amefundisha kitabu kile miaka mingi na hakuna mzazi aliyewahi kumuuliza. Kuanzia wiki iliyofuata neno halikutamkwa tena. Mwakani binti yangu anaingia darasa la 9, na orodha yao ina To Kill a Mockingbird, riwaya nyingine yenye neno lilelile. Nimeshanunua nakala, nami nimefika sura ya nne.